Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: Mambo ya kufahamu kwa mzazi na mwanafunzi wa Tanga

Na Mwandishi Wetu, Tanga

KILA mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, familia nyingi za mkoa huu, kuanzia Ngamiani hadi Pangani na kutoka Mkinga hadi milima ya Lushoto, huanza kuulizana swali lile lile: je, mtoto atapata nafasi Mlimani?

Kwa watu wengi, jina "Mlimani" linatosha. Halihitaji maelezo. Ni kile chuo kikuu kilichoko juu ya kilima, magharibi ya jiji la Dar es Salaam, umbali wa kilometa zipatazo 350 kutoka mjini Tanga. Hata hivyo, uzoefu unaonyesha kwamba wanafunzi wengi hujaza maombi yao bila kukifahamu vizuri chuo chenyewe: kilianzaje, kinafundisha nini, hakifundishi nini, kinaendeshwa kwa fedha za nani na kina uhusiano gani na maisha ya mvuvi wa Kigombe au mkulima wa Muheza.

Makala haya yanaeleza mambo ya msingi kuhusu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho ndicho chuo kikuu kikongwe kuliko vyote nchini, na yanatazama pia mahali pa mkoa wa Tanga katika historia ya elimu ya juu na utafiti wa Tanzania.

Kilianza na wanafunzi 14

Kabla ya uhuru, Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Kijana aliyefaulu alilazimika kwenda Makerere, nchini Uganda, au kuvuka bahari hadi Ulaya. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alisoma Makerere, na baadaye akaenda Edinburgh, Scotland.

Oktoba 25, 1961, ikiwa ni wiki chache tu kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa Desemba 9, chuo kilifunguliwa kikiwa kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Hakikuwa na majengo yake. Kilianzia katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, eneo la Mnazi Mmoja. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi 14. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria.

Si bure kwamba kitivo cha kwanza kilikuwa cha Sheria. Nchi iliyokuwa inajiandaa kujitawala ilihitaji mahakimu, wanasheria wa Serikali na watu wa kutunga sheria, na idadi ya wazalendo waliokuwa na ujuzi huo ilikuwa ndogo mno.

Mwaka 1963 chuo kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani, katika eneo ambalo hadi sasa ndilo makao yake makuu. Muungano huo wa vyuo vitatu ulivunjwa mwaka 1970. Tangu Julai 1 mwaka huo, kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1970, Dar es Salaam ikawa na chuo kikuu kamili cha taifa. Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wa Chuo wa kwanza na Pius Msekwa akawa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza.

Hapa inafaa kueleza jambo linalowachanganya wengi. Katika mfumo wetu, Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima, ambaye kazi yake inayoonekana zaidi ni kutunuku shahada siku ya mahafali. Mtendaji mkuu wa kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo.

Nani analipa?

Historia ya chuo hiki haiwezi kuelezwa bila kutaja ugomvi wa fedha na wajibu. Oktoba 22, 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao uliwataka wahitimu kulitumikia taifa kwa kipindi cha miaka miwili huku wakikatwa sehemu kubwa ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akitaka ieleweke kuwa msomi hapaswi kuishi kama mtu wa tabaka jingine mbele ya mkulima anayemlipia masomo.

Hoja hiyo haijafa, imebadilika sura tu. Kwa miaka mingi Serikali iligharamia masomo ya chuo kikuu yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaingizwa utaratibu wa kuchangia gharama, katika kipindi ambacho uhusiano wa wanafunzi na Serikali ulikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1990 chuo kilifungwa kwa miezi kadhaa. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi mwaka 2005.

Kwa maana hiyo, mzazi anapaswa kufahamu kwamba fedha anayopewa mwanafunzi na Bodi ni mkopo, wala si zawadi. Kwa mujibu wa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe.

Mti uliozaa miti mingine

Kosa moja linalojirudia ni kudhani kwamba kila fani inasomwa Mlimani. Ukweli ni kwamba chuo hiki kimezaa vyuo vingine, na baadhi ya fani zimeondoka na watoto hao.

Kitivo cha Tiba kilichoanzishwa mwaka 1968 kilikuwa chuo kishiriki mwaka 1991 na hatimaye, mwaka 2007, kikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kitivo cha Kilimo kilichokuwa Morogoro kilijitenga mwaka 1984 na kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Taaluma za ardhi, upimaji, mipango miji na usanifu majengo ziliwekwa chini ya chuo kishiriki mwaka 1996, nacho kikawa Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007, jirani kabisa na Mlimani.

Mwaka 2005 vilianzishwa vyuo vikuu vishiriki viwili vya elimu, kimoja Chang'ombe, Dar es Salaam, na kingine Mkwawa, Iringa. Hivi viwili bado viko chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lengo la kuanzishwa kwake lilikuwa kupata walimu wa sekondari kwa haraka, wakati ambapo Serikali ilikuwa ikijenga shule za kata nchi nzima. Walimu wengi wanaofundisha katika sekondari za Kilindi, Handeni na Korogwe wametokana na msukumo huo.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayetaka kuwa mhandisi, mwanasheria, mwanajiolojia, mchumi, mtaalamu wa kompyuta, mwalimu, mwandishi wa habari au mtaalamu wa Kiswahili ana sababu ya kutazama Mlimani. Anayetaka udaktari wa binadamu aitazame Muhimbili kwanza, ingawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimeanzisha ndaki ya afya mkoani Mbeya. Anayetaka usanifu majengo aende Ardhi. Anayetaka udaktari wa mifugo au misitu aende Sokoine.

Ndani ya Mlimani, masomo yamegawanywa katika ndaki, shule kuu na taasisi. Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, kwa mfano, inatokana na Kitivo cha Uhandisi kilichoanzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani. Shahada nyingi za kwanza huchukua miaka mitatu, na uhandisi huchukua minne.

Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, isipokuwa katika masomo ya Kiswahili yenyewe. Hili si jambo dogo. Mwanafunzi aliyezoea kukariri majibu ya Kiingereza bila kuyaelewa hupata taabu mwaka wa kwanza, hata kama ufaulu wake ulikuwa mzuri.

Maana ya chuo cha utafiti

Chuo kikuu cha utafiti ni kile ambacho mhadhiri hafundishi tu maarifa yaliyokwisha kuandikwa, bali naye hutafuta mapya. Ndiyo maana huwa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu, maabara, majarida ya kitaaluma na vituo nje ya makao makuu.

Mlimani ulijipatia jina duniani miaka ya 1960 na 1970 kwa kazi ya aina hiyo, hasa katika historia na siasa. Mwanahistoria Walter Rodney, kutoka Guyana, alikuwa akifundisha hapo alipoandika kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoifanya Afrika kuwa nyuma kimaendeleo, kilichochapishwa mwaka 1972. Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Uganda, alisoma hapo kati ya mwaka 1967 na 1970. Marais wawili wa Tanzania, Jakaya Kikwete na John Magufuli, nao ni wahitimu wa chuo hicho.

Katika lugha, chuo kilirithi mwaka 1964 kazi ya Kamati ya Lugha iliyoanzishwa na serikali za kikoloni mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili. Ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Mwaka 2009 iliunganishwa na Idara ya Kiswahili na kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, maarufu kama TATAKI.

Wakazi wa Tanga wana haki ya kujivunia sura hiyo ya historia. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, nje kidogo ya mji wa Tanga, mwaka 1909, alikuwa mjumbe wa kamati hiyo ya lugha. Alifariki mwaka 1962, chuo kikiwa hakijatimiza hata mwaka mmoja. Hakuwahi kusoma chuo kikuu, lakini ni vigumu kumpata mhitimu wa Kiswahili ambaye hakusoma vitabu vyake. Vilevile, lahaja ya Kimtang'ata, inayozungumzwa katika mwambao kati ya Tanga na Pangani, ni miongoni mwa lahaja ambazo wataalamu wa lugha wamekuwa wakizichunguza kwa miaka mingi.

Katika sayansi ya bahari, chuo kina Taasisi ya Sayansi za Bahari mjini Zanzibar. Utafiti kuhusu mwani uliofanywa na mtaalamu wa mimea wa Mlimani, Profesa Keto Mshigeni, tangu miaka ya 1970, ni sehemu ya msingi wa kilimo cha mwani ambacho kilishika kasi Zanzibar kuanzia mwaka 1989 na kuenea hadi mwambao wa Tanga. Mwanamke wa Mkinga anayefunga kamba za mwani wakati wa maji kupwa huenda hajawahi kufika Mlimani, lakini kazi ya mikono yake ina mizizi katika maabara ya chuo kikuu.

Tanga ilitangulia

Jambo ambalo vijana wengi wa mkoa huu hawafundishwi ni kwamba utafiti wa kisayansi ulifika Tanga miaka 59 kabla ya chuo kikuu kufunguliwa Dar es Salaam.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo. Huko walipanda na kujaribu miti na mazao kutoka pande nyingi za dunia. Waingereza waliendeleza kituo hicho baada ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini mwaka 1948 utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, nchini Kenya. Amani ikageukia malaria na magonjwa mengine yanayoenezwa na wadudu, kazi ambayo baadaye iliingia chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979.

Katani nayo ina historia kama hiyo. Iliingizwa nchini mwaka 1893 na mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, kwa miche iliyotoka Florida, Marekani. Kati ya miche 1,000, ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache mkoa mzima ulibadilika: reli, bandari, mashamba na makazi ya vibarua kutoka kila upande wa nchi. Kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, kilianzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya zao hilo hilo.

Msitu wa Mazumbai, katika Usambara Magharibi, ulikabidhiwa kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 na familia ya walowezi iliyokuwa ikiumiliki, na baadaye ukawa chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Hadi sasa ni darasa la wanafunzi wa misitu na viumbe.

Baharini nako, kuanzia mwaka 2003, wavuvi wa Tanzania walianza kunasa katika nyavu za jarife samaki silikanti, ambaye wanasayansi hadi mwaka 1938 waliamini kuwa alikwisha toweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Wengi miongoni mwa samaki hao walinaswa katika maji ya Tanga. Hali hiyo ilisababisha kutangazwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009.

Kwa kifupi, Tanga imekuwa maabara kwa zaidi ya karne moja. Imetoa mimea, misitu, samaki, lahaja na hata wagonjwa wa kuchunguzwa. Kile ambacho haikuwa nacho kwa muda mrefu ni chuo kikuu kikubwa cha umma ambamo watoto wake wangejifunza kufanya uchunguzi huo wenyewe.

Jinsi ya kupata nafasi

Hadi mwaka 2016 maombi yalipitia mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Tangu mwaka 2017 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja katika chuo anachokitaka, na TCU hubaki na kazi ya kuweka viwango na kuhakiki majina.

Kiwango cha jumla kwa mhitimu wa kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili kwa daraja lisilopungua E, na jumla ya pointi zisizopungua 4. Hesabu yake ni kama ifuatavyo: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo mwenye D mbili anakidhi kiwango cha chini. Lakini kukidhi kiwango si sawa na kupata nafasi. Fani zenye ushindani, kama vile sheria na uhandisi, huchukua wenye pointi za juu zaidi, na kila fani ina masomo yake ya lazima. Masharti hayo huchapishwa kila mwaka katika mwongozo wa TCU, ambao mzazi na mwanafunzi wanashauriwa kuusoma kabla ya kulipa ada ya maombi popote.

Mlango haujafungwa kwa aliyepitia njia nyingine. Mwenye stashahada anaweza kuomba shahada iwapo wastani wake haupungui 3.0. Hii ina maana kuwa kijana aliyesoma stashahada mkoani, kwa mfano katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, anaweza kuendelea na shahada ya sheria.

Kuhusu mkopo, maombi hufanywa kwa njia ya mtandao kwa Bodi ya Mikopo, na nyaraka huwa ndizo zinazowaangusha wengi. Cheti cha kuzaliwa lazima kiwe kimehakikiwa na RITA. Yatima huhitaji vyeti vya vifo vya wazazi, navyo vikiwa vimehakikiwa. Katika vijiji vya mwambao, ambako watoto wengi walizaliwa nyumbani bila kuandikishwa, shughuli hiyo inaweza kuchukua majuma mengi. Anayesubiri matokeo ndipo aanze kutafuta cheti huweza kujikuta dirisha la maombi limefungwa.

Malazi ni jambo la mwisho la kuzingatia. Chuo kina hosteli za Mabibo na zile za kampasi ya Mlimani, pamoja na majengo 20 yaliyofunguliwa Aprili 2017 yenye uwezo wa kuchukua wanafunzi 3,840. Hata hivyo, nafasi hizo hazitoshi wanafunzi wote, na wengi hupanga mitaani. Familia inayopiga hesabu ya ada peke yake huwa haijamaliza hesabu. Kwa upande wa vitabu hali ilikuwa nafuu baada ya Novemba 2018, ilipofunguliwa maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye uwezo wa kuhifadhi vitabu 800,000.

Kinachosubiriwa Tanga

Agosti 5, 2017, Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi huko Chongoleani, nje kidogo ya mji wa Tanga. Bomba hilo, lenye urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia katika mwambao huu. Wote wawili walikuwa wahitimu wa Mlimani.

Tukio hilo linaeleza vizuri kiini cha suala lenyewe. Mradi mkubwa unapofika, kazi za ulinzi, upishi na kubeba mizigo hupatikana kwa jirani. Kazi za uhandisi, jiolojia, sheria ya mikataba na uchunguzi wa mazingira huenda kwa aliyesoma, popote alipotoka. Mkoa usiopeleka vijana wa kutosha katika fani hizo utaendelea kuwa mwenyeji wa wageni wenye ujuzi.

Hatua mojawapo ya kuziba pengo hilo ni kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe katika Wilaya ya Mkinga, iliyoingizwa katika mradi wa Serikali wa kupanua elimu ya juu ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Ni hatua ya maana, kwa kuwa inauletea mkoa chuo kikuu cha umma. Lakini Mzumbe inajulikana zaidi kwa utawala, biashara na sheria. Kwa anayetaka uhandisi, jiolojia au sayansi ya bahari, safari ya Dar es Salaam bado haikwepeki.

Safari hiyo haianzii stendi ya mabasi. Inaanza kidato cha kwanza, katika uamuzi wa kuendelea au kuacha hisabati na fizikia, katika shule kupata au kukosa mwalimu wa masomo hayo, na katika cheti cha kuzaliwa kilichochukuliwa mapema. Mzazi anayeyafahamu hayo leo, mtoto akiwa bado sekondari, ana muda wa kutosha wa kuyashughulikia kabla ya siku ya kujaza fomu.